UPASUAJI WA KUPUNGUZA UNENE: HUKATWA MMOJA, HUGUSWA NYUMBA NZIMA



Siku hizi ofisi yetu ya huduma za jamii inapata maswali mengi kuhusu upasuaji wa kupunguza unene. Zamani tulidhani hayo ni mambo ya matajiri wa ng'ambo. Sasa unapata mama wa Umoja, mwalimu wa Donholm au baba wa Buruburu anatuuliza: "Ati mtu hukatwa tumbo akakonda? Na akishakonda, nyumbani inakuwaje?"

Swali la kwanza ni la daktari, ingawa tutaeleza kidogo. Swali la pili ni letu sote. Sisi si madaktari, lakini tumekaa na familia zilizopitia jambo hili, na tumejifunza kwamba shida kubwa mara nyingi haitokei pale mezani pa upasuaji. Hutokea miezi au miaka baadaye, jikoni na chumbani, ikiwa watu wa nyumba hawakuandaliwa.

MAMA ALIYEANGUKA IJUMAA KUU

Tuanze na kisa cha mama mmoja wa jumuiya zetu. Ametukubalia tukisimulie bila jina lake, ili wengine wapate faida.

Mama huyu ana miaka 43 na watoto watatu. Alikuwa na kilo 121. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, presha, na magoti yaliyomuuma hata kupanda ngazi hadi orofa ya tatu anakoishi lazima apumzike mara mbili. Alikuwa amejaribu kila kitu: kuacha chapati, kutembea asubuhi, chai za majani zinazouzwa kwa matatu. Alipunguza kilo tano, zikarudi nane. Mwishowe dada yake, ambaye ni muuguzi huko Ujerumani, akajitolea kumlipia upasuaji.

Mume wake alijua na alikubali. Lakini waliona aibu. Wakaafikiana kwamba mama mkwe, majirani na wanajumuiya waambiwe ametolewa uvimbe tumboni.

Upasuaji ulienda vizuri. Mwaka mmoja baadaye alikuwa na kilo 84. Daktari alimpunguzia dawa za presha, na sukari ikatulia. Alianza kupanda ngazi zake bila kusimama. Mpaka hapo ni furaha tupu.

Ndipo maneno yakaanza. Kwetu Eastlands mtu akikonda haraka, watu hawasemi ana nafuu. Wanasema ana ule ugonjwa. Tunakumbuka miaka ya 1980 jirani zetu wa Uganda waliuita UKIMWI kwa jina la "slim", yaani wembamba, na hofu hiyo bado imetukaa kichwani. Leo mtu mwenye virusi anayemeza dawa zake vizuri ana afya na mwili wake kama sisi wengine, lakini ulimi wa ploti hausomi habari hizo. Katika chama chao kina mama wakaanza kunong'ona. Marafiki wa mume wakamuuliza stejini, "Mzee, mama watoto yuko sawa kweli?"

Mume naye akaingiwa na shaka ya aina nyingine. Mke wake sasa alinunua nguo mpya Gikomba, akatengeneza nywele, akasifiwa barabarani. Akawa anauliza alikuwa wapi, na nani, hadi saa ngapi. Mama mkwe alipotoka Machakos kuwatembelea, alipika kuku na ugali kwa heshima ya mkaza mwana wake. Mama akala vijiko vitatu, akasukuma sahani. Mama mkwe akaona amedharauliwa, akarudi nyumbani kabla ya siku zake.

Mwaka wa pili, karo za Januari zilipobana, mama akaacha kununua vitamini zake. Alijiambia, "Si nimeshapona?" Miguu ikaanza kufa ganzi, akanyamaza. Ijumaa Kuu alifunga kama wakatoliki wengine, akajiunga nasi katika Njia ya Msalaba kupitia mitaa yetu juani. Tulipofika kituo cha saba, akaanguka.

Hospitalini walipompima walikuta damu imepungua sana, na vitamini B12 iko chini. Na nje ya wodi tukasikia mtu akisema, "Si tulisema?"

NI UPASUAJI GANI HUU?

Tutofautishe kwanza mambo mawili ambayo watu huchanganya.

Kuna kufyonza mafuta chini ya ngozi. Hilo ni jambo la umbo. Haliponyi sukari wala presha, na lina hatari zake. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki hapa Nairobi baada ya kufanyiwa jambo kama hilo katika kliniki ya urembo, na baraza la kusajili madaktari, KMPDC, likaifunga kliniki hiyo.

Tunachozungumzia hapa ni upasuaji wa mfuko wa chakula, ambao ni matibabu ya ugonjwa wa unene. Njia zinazotumika sana ni mbili:

1. Kupunguza mfuko. Daktari huondoa karibu robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi, na unaobaki huwa na umbo la ndizi. Sehemu iliyokatwa hairudishwi tena. Mtu hushiba upesi, na hata njaa hupungua, kwa sababu sehemu inayotolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi homoni ya kuleta njaa.

2. Baipasi. Daktari hutengeneza kifuko kidogo juu ya mfuko wa chakula, kisha huunganisha kifuko hicho na utumbo mwembamba mbele zaidi. Chakula hupita njia ya mkato. Mtu hula kidogo, na baadhi ya virutubisho havifyonzwi kama zamani. Njia hii ilianzishwa Marekani katika miaka ya 1960 na imeboreshwa mara nyingi tangu hapo.

Kuna pia puto linalowekwa ndani ya mfuko wa chakula kwa miezi kadhaa kisha kutolewa. Huduma hiyo imekuwa ikitolewa hata kwa jirani zetu wa Dar es Salaam, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila. Puto si upasuaji wa kukata, na likishatolewa uzito hurudi kwa urahisi kama mtu hajabadili ulaji.

NI NANI ANAYEFAA?

Si kila mnene. Hospitali hutumia kipimo hiki: chukua uzito wako kwa kilo, gawa kwa urefu wako kwa mita, kisha gawa tena kwa urefu huo huo. Mtu wa kilo 100 mwenye urefu wa mita 1.60 atapata 39. Kawaida ni kati ya 18.5 na 25. Kuanzia 30 ni unene wa kupindukia.

Kwa miaka mingi, tangu 1991, madaktari walifuata mwongozo wa kupasua waliofika 40, au 35 wakiwa na ugonjwa kama sukari. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari hao vililegeza: kuanzia 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa wenye ugonjwa wa sukari.

Tusiwacheke wanene. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika wanawake 100 wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49, 33 walikuwa na uzito kupita kiasi. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha hali imezidi. Mitaani kwetu mtu huketi kazini mchana kutwa, huketi tena kwenye matatu katika foleni ya Jogoo Road, na chakula cha bei rahisi karibu na stejini ni chipsi, mandazi na soda. Tena viwanja vya watoto kuchezea vimejengwa nyumba. Wengine wamerithi mwili huo kwa wazazi. Kusema ni ulafi tu ni kumhukumu ndugu yako bila kumsikiliza.

JE, NI DHAMBI?

Swali hili huulizwa kila mara. Kanisa linafundisha kwamba mwili ni zawadi ya Mungu na hatuna ruhusa ya kuukatakata ovyo. Lakini Katekisimu, namba 2297, hutenga wazi kukatwa kiungo kwa sababu ya tiba. Mtu anayeuawa pole pole na sukari na presha anatafuta tiba. Anayetaka tu apendeze kwenye picha za harusi ajiulize mara mbili, na azungumze na padre na daktari.

FAIDA ZAKE KWA AFYA

Faida ni za kweli, na hatuna sababu ya kuzificha. Katika mwaka wa kwanza au wa pili wengi hupoteza karibu robo ya uzito wao au zaidi. Presha hushuka, magoti hupata nafuu, mtu anayekoroma na kukatika pumzi usiku hulala vizuri.

Watu wa Uswidi walianza mwaka 1987 kuwafuatilia wagonjwa zaidi ya 4,000, nusu wamepasuliwa na nusu hawajapasuliwa. Katika wagonjwa wa sukari waliopasuliwa, 72 kati ya 100 walikuwa hawana tena ugonjwa huo baada ya miaka 2. Baada ya miaka 10 walibaki 36 kati ya 100. Maana yake ni kwamba sukari inaweza kurudi, kwa hiyo kupimwa hakuishi. Mwaka 2020 watafiti hao walitangaza kwamba waliopasuliwa waliishi miaka 3 zaidi, kwa wastani, kuliko wenzao wanene ambao hawakupasuliwa.

MADHARA NA HATARI

1. Siku za kwanza. Mshono unaweza kuvuja, au damu ikaganda mguuni na kupanda hadi mapafuni. Homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, kushindwa kupumua, mguu kuvimba au kutapika hata maji: usingoje kesho, nenda hospitali usiku huo huo.

2. Vitamini na madini. Chuma, kalisi, vitamini D, B1 na B12 hupungua. Dawa zake ni za maisha yote na damu hupimwa kila mwaka. Mama wetu aliumia hapa. Na kwa kuwa alikuwa amemeza metformin ya sukari miaka mingi, ambayo nayo hupunguza B12, hatari yake ilikuwa kubwa zaidi.

3. Chai ya sukari nyingi na soda. Hasa kwa aliyefanyiwa baipasi, vitu hivi hukimbilia utumboni na mtu hutoka jasho, hutetemeka, huharisha na kutamani kulala chini.

4. Dawa za maumivu. Brufen, diclofenac na aspirini tunazonunua kwenye kemisti bila kuulizwa zinaweza kuleta vidonda baada ya baipasi. Dawa zozote za kumeza huenda zikafanya kazi tofauti, za kuzuia mimba zikiwemo. Kila ukifika kwa kemisti, sema kwanza kwamba umepasuliwa.

5. Mimba. Mwanamke ambaye hakuwa anapata siku zake vizuri anaweza kushika mimba ghafula. Madaktari hushauri kungoja miezi 12 hadi 18. Mnaofuata njia ya asili ya kupanga uzazi, anzeni kuandika chati upya, kwa sababu mzunguko wa zamani si wa kutegemewa tena.

6. Pombe. Glasi moja hulevya upesi kuliko zamani. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2012 ulionyesha matatizo ya pombe yakiongezeka katika mwaka wa pili baada ya upasuaji. Mtu aliyekuwa akijituliza kwa chakula anaweza kuanza kujituliza kwa chupa.

7. Moyo kuwa mzito. Nywele hukatika kwa miezi, ngozi hulegea na kuning'inia. Wengine hukata tamaa, hata kufikiria kujidhuru. Ukisikia maneno hayo kwa mwenzako, usimwache peke yake, na mtafutie msaada siku hiyo hiyo.

NDOA NA WATU WA NYUMBA

Hao watafiti wa Uswidi walichunguza pia ndoa. Mwaka 2018 walitangaza kwamba waliopasuliwa wakiwa na wenzi waliachana zaidi kuliko wanene wenzao ambao hawakupasuliwa. Na waliokuwa peke yao walipata wenzi zaidi. Lakini tusisome vibaya: wengi wa waliokuwa na wenzi waliendelea kukaa pamoja.

Kwa nini wengine huachana? Sisi tunasema tunayoyaona hapa. Nyumba ina desturi zake. Mmoja ni wa kupika, mwingine ni wa kusifu mapishi. Mmoja ni mgonjwa, mwingine ni wa kumhudumia. Mnene akipata nguvu, anataka kutoka, kutafuta kazi, kusema "hapana" mahali alipokuwa akinyamaza. Mwenzake anajiuliza, "Sasa mimi ni wa kazi gani?" Ndoa iliyokuwa na mapenzi hupata nafasi ya kuanza upya. Iliyokuwa na ubabe chini kwa chini, ubabe huo hujitokeza. Kukonda hakuleti ufa mpya kila mara. Mara nyingi hufunua ule uliokuwa umefunikwa.

Kisha kuna chakula. Kwetu kukataa chakula ni kumkataa mpishi. Kwenye matanga, harusi na chama, mtu anayekula vijiko vitatu huonekana anaringa au anaogopa kurogwa. Kama watu hawajui sababu, watatunga yao.

TUNASHAURI NINI?

Kabla ya upasuaji:
- Nendeni kwa daktari wote wawili, mume na mke. Ambaye hajaoa wala kuolewa aende na ndugu anayeishi naye.
- Hakikisheni daktari ana leseni ya KMPDC. Ulizeni amefanya upasuaji huo mara ngapi, na nani atakufuatilia ukishatoka.
- Pigeni hesabu yote. Katika hospitali za binafsi gharama ni mamia ya maelfu ya shilingi, na hiyo si mwisho. Kuna vitamini za kila mwezi na vipimo vya kila mwaka. Uliza bima yako, iwe SHA au nyingine, ikujibu kwa maandishi inalipa nini. Kama huna pesa za vitamini, bado hujawa tayari kwa upasuaji, hata kama kuna wa kukulipia kisu.
- Amueni pamoja nani ataambiwa. Si lazima mtaa mzima ujue, lakini wanaokula na kupika nyumbani ni lazima wajue. Uongo wa uvimbe ulimgharimu mama wetu mengi.

Baada ya upasuaji:
- Kula kidogo kidogo, tafuna sana, usinywe maji pamoja na chakula. Ngoja kama nusu saa. Anza na vyakula vya kujenga mwili: yai, ndengu, maharagwe laini, samaki, maziwa. Ugali ufuate.
- Mpishi asichukie. Pakua kwa kisahani, na mhesabu kuwa amekula.
- Kufunga: sheria ya Kanisa kuhusu Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu haimbani mgonjwa. Toa sadaka nyingine. Usikae bila maji wala chakula, na usiache dawa.
- Mume au mke mwenye shaka aseme shaka yake kwa maneno, siyo kwa kupekua simu. Mkikwama, njooni ofisini.
- Wanajumuiya, ukiona mtu amekonda, muulize "Habari ya afya?" na umsikilize. Usimpime virusi kwa macho. Na kama kweli anavyo, je, si bado ni ndugu yako?

TULIVYOMALIZA

Tulikaa na familia ile mara tatu. Mara ya tatu mama mkwe alikuja kutoka Machakos, na mwanawe ndiye aliyemweleza ukweli. Mzee huyo alinyamaza muda mrefu. Kisha akamwambia mkaza mwana wake, "Mngeniambia, ningekupakulia kwa kisahani cha mtoto. Mimi nilidhani unanichukia."

Mama sasa anadungwa sindano za B12 na anameza vitamini zake. Ganzi imepungua, haijaisha yote. Mume bado ana siku zake za kuuliza maswali, lakini sasa huuliza mezani, na siku nyingine hutembea naye jioni hadi sokoni na kurudi. Mara moja kwa mwezi wanakuja kwetu kuzungumza. Hatuwezi kusema yamekwisha. Tunasema wanazungumza.

Juzi mama mkwe alikuja tena. Alipika kuku, akapakua sahani kubwa za watu wote, na kimoja kidogo cha plastiki chenye picha ya sungura. Mama akakimaliza chote.